Walisema Ni Maziwa

Majina sitayataja. Nimeambiwa na watu wanaojua mambo ya koti kwamba ukiandika jina la mtu anakuja na wakili, na mimi wakili sina, hata wa kuazima. Lakini hakuna aliyenikataza kutaja kazi ya mtu. Kwa hivyo nitasema fundi wa viatu vya ncha. Nitasema madam wa ofisi. Nitasema mkurugenzi. Na nitasema afisa wa chuo, ambaye alijua kila kitu akakaa kimya kama amemeza kijiko. Wakisoma watajijua. Wasipojijua, watoto wao watawasomea.

Mimi niliacha shule darasa la sita huko kwetu magharibi, nikaletwa Kitengela na kaka yangu aliyekuwa ameandikwa kwenye kiwanda cha saruji. Hapa ndipo nilipata mume, Mmaasai wa upande wa Kajiado, dereva wa lori la kubeba magadi. Tulikuwa ndani ya hilo lori sote watatu, yeye, mimi na binti yetu wa pekee, siku liliposhindwa na mlima wa kutoka Magadi likaanza kurudi nyuma. Mume wangu alifia kwenye usukani. Binti yangu alivunjika shingo. Mimi nilitoka na bega la kulia ambalo mpaka leo halipandi. Nikichana nywele nakiinamia kichana. Ajali sitairudia tena. Tajiri wa lori naye alishakufa, akaninyima mtu wa kulaumu upande huo. Wa upande huu bado wanatembea, tena vizuri.

Miguu ya binti yangu haisikii chochote, na vidole vyake havishiki. Mkono unaweza kusukuma kitu mbele na kukivuta nyuma, basi. Gurudumu la kiti cha kawaida hawezi kulizungusha, na mimi na hili bega siwezi kumsukuma kwenye barabara ya murram ya Kitengela hata mpaka dukani. Sekondari alisukumwa na wenzake wa bweni. Lakini alipopita akaitwa chuo kikuu kusomea ualimu, kwenye kampasi ya hapa hapa mjini, tuliangaliana tu. Ndipo tukasikia kuna wafadhili wanaosaidia wanafunzi wa chuo walio na ulemavu, na kwamba wamepatia kampuni fulani kazi ya kuleta vifaa. Binti yangu akaandikiwa kiti cha betri, kile cha kuendeshwa na kijiti kidogo mkononi. Nililia kwa furaha. Ningejua ningeyaweka hayo machozi, yangenifaa baadaye.

Fundi wa viatu vya ncha alinipigia simu kabla ya kiti kuja.

"Mathe, huyo msichana ni mnene ama ni mwembamba?"

"Mwembamba."

"Mrefu?"

"Wa kawaida."

"Sawa, tumemaliza."

Nilidhani hayo ni maneno ya kuanzia, kwamba atakuja na futi ampime kiuno na mapaja kama vile fundi wa nguo hupima hata sare ya kwaya. Hakuja. Kilikuja kiti. Kililetwa kampasi siku ya wageni, kimefungwa nailoni na utepe mwekundu, na wafadhili wakapigwa picha wakishika mpini wake. Walipoondoka tukatoa nailoni, tukamweka binti yangu ndani, akapotea. Kile kiti kilikuwa cha mwanamume mwenye tumbo. Ungeweza kumweka binti yangu na mwenzake na wabaki na nafasi ya kikapu.

"Si mliniambia ni mwembamba," fundi akasema. "Atanenepa. Chuo kuna chipsi."

Watu wakacheka. Binti yangu pia akacheka, maana alikuwa anataka sana hicho kiti kiwe chake. Fundi akachomeka sponji upande huu na upande ule, akatuonyesha chaja huku akiongea na mtu mwingine kwa simu, akasema betri inakaa siku nzima. Halafu akaenda kunywa soda ya wageni.

Betri haikukaa siku nzima. Ilikaa mpaka saa sita mchana, na siku mbaya mpaka saa nne. Nilikuja kuijua sauti yake: kiti kilikuwa kinalia kidogo, kama kifaranga kimekanyagwa, halafu kinasimama hapo hapo kilipo. Na kikisimama magurudumu yanajifunga, huwezi kusukuma. Kuna kichuma fulani nyuma cha kuyafungua, fundi hakutuonyesha, tulikuja kuonyeshwa na mwanafunzi mwingine muhula umeshaisha. Kabla ya hapo vijana walikuwa wanakiburuta kama ng'ombe aliyekataa kupanda lori.

Mimi nilikuwa nauza supu karibu na machinjio, na saa yoyote simu ingelia.

"Mum, leo nimepaki mbele ya ofisi ya mkuu wa kitivo. Polisi wakija watanifunga mnyororo."

Alikuwa ananichekesha ili nisije nikilia. Nilikuwa naacha sufuria na jirani nakwenda. Siku moja nilimkuta amepaki kwenye mlango wa choo, nje kidogo na ndani kidogo, wasichana wanapita juu ya miguu yake wakisema samahani. Hiyo siku hakunichekesha.

Nikapiga simu kwa ile kampuni. Aliyeshika ni madam wa ofisi.

"Mama, mnachaji masaa mangapi?"

"Usiku wote, vile fundi alisema."

"Hapo mnakaa ni ploti ya kupanga? Stima ya tokeni?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hiyo. Stima ya ploti huwa chafu."

"Stima huwa chafu aje?"

Akaniuliza kwa sauti ya upole, ile ya kuuma, "Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Sawa. Sasa hiyo huwezi kuielewa."

Nilimfuata mpaka ofisini. Na hapa naomba msomaji asidhani natia chumvi: ofisi ya kampuni inayouza viti vya watu wasiotembea iko ghorofa ya pili, na jengo halina lifti. Binti yangu alibaki chini kwenye veranda ya duka la dawa. Nikapanda, nikamwomba madam ashuke akione kiti kwa macho yake.

"Sisi wateja tunawahudumia huku juu," akasema.

"Wateja wenu hawana miguu."

"Ndiyo maana tuko na simu, mama."

Mwishowe walituma fundi akabadilisha betri. Tukashukuru, nilimpa hata supu. Ile ya pili ikakaa wiki mbili ikawa kama ya kwanza. Akaleta ya tatu. Kumbe kulikuwa na kijana mwingine wa mpango huo huo, anasoma kampasi ya upande wa Rongai, amepanga chumba karibu na Laiser Hill. Yeye na binti yangu walikuwa wanaandikiana kwa simu. Akamwambia, fundi amekuja amechukua betri yangu, anasema ni ya sevisi. Binti yangu akamuuliza, ilikuwa na alama gani? Akasema, ilikuwa imekwaruzwa pembeni na mlango wa gari. Binti yangu akaniambia niangalie. Nikainama nikaangalia. Ilikuwa imekwaruzwa.

Ndivyo walivyokuwa wanafanya kazi. Wananyang'anya mpole wanampa mwenye kelele, mpole akianza kelele wanatafuta mpole mwingine. Betri nzima zilikuwa chache, zinazunguka wilaya nzima kama mchungaji mmoja mwenye makanisa kumi.

Nikaenda kwa afisa wa chuo, yule ambaye kazi yake ni mambo ya wanafunzi walemavu. Nilimweleza yote, na ya kijana wa Rongai. Alinisikiliza vizuri, hata alinipa kiti cha kukalia na maji. Halafu akasema, "Mama, tusiharibu uhusiano. Hawa ndio wafadhili walichagua. Tukigombana nao watoto watakosa hata hicho kidogo." Nikaona kalenda ya ile kampuni ukutani kwake, na kikombe chenye picha ya ile kampuni mezani kwake. Nikanywa maji nikaondoka.

Hivyo ndivyo binti yangu alisoma miaka mitatu. Kwa kupaki.

Mwaka wa nne ndio ulikuwa wa kwenda kufundisha, ile wanaita tii-pii. Unapelekwa shule ya kweli, unapewa darasa, na mhadhiri anakuja bila kukuambia siku, anakaa nyuma ya darasa na kalamu. Akikuja asikukute, hujafanya. Na usipofanya tii-pii wewe si mwalimu, hata ujue kila kitabu. Binti yangu hakuwa na ndoto nyingine kando ya hiyo. Alikuwa anafundisha hata paka.

Akapewa shule ya sekondari upande wa Kajiado, mwendo mfupi kutoka boma la nyanya yake, mama ya marehemu mume wangu. Tukafurahi. Nikafunga supu yangu, tukahamia huko sisi wawili na kiti. Yule mzee mwanamke alikuwa ameweka taa ya sola na kumwomba shemeji yangu, mwanawe mdogo, avute waya wa stima kutoka duka la jirani kwa ajili ya chaja. Kiswahili chake ni kidogo, na Kimaasai changu ni cha kununulia maziwa, lakini miaka yote hiyo hatujawahi kukosana. Nikifika anasema "Takwenya," namjibu "Iko," na hayo yalikuwa yanatutosha.

Asubuhi ya kwanza ya shule alitutoa nje sote. Alikuwa amevaa shanga zake za harusi za watu. Alikuwa na kibuyu cha maziwa na nyasi mbichi mkononi, na hizo nyasi sijui alizitoa wapi kwa vile kulikuwa na ukame. Akachovya nyasi kwenye maziwa akamnyunyizia mjukuu wake kichwani, akanyunyizia magurudumu, akanyunyizia njia ya kwenda shule. Alikuwa anamwomba Enkai, Mungu wao, neno kwa neno, na sisi tunaitikia "Naai, naai." Shemeji yangu alinitafsiria polepole: anaomba mtoto apite mahali baba yake hakupita. Binti yangu alifunga macho, maziwa yanamteremka kwenye paji. Mimi nilitoa leso nikafuta mahali alipokalia na mahali pa kuweka mkono. Matone tu. Mvua ya Kitengela imekinyeshea hicho kiti kuliko hivyo, na hakikusema kitu.

Akaenda shule. Watoto wa kidato cha pili walimpenda kabla hajafungua mdomo. Chaki nilikuwa namfungia kwa mpira kwenye vidole, na usiku tulichora chati za manila ili asiandike sana ubaoni. Kiti kilifanya vile kilivyozoea, kinafika saa sita kinachoka. Kikichoka walimu wanakifungua magurudumu wanamsukuma. Ilikuwa inaendelea. Mhadhiri alikuja mara ya kwanza akamkuta, akasema safi sana.

Halafu kiti kikafa kabisa. Hakikulia hata ile sauti yake. Asubuhi taa ya chaja ilikuwa ya kijani, kila kitu sawa, binti yangu anasukuma kijiti na hakuna kitu. Nikapiga simu, wakasema Kajiado ni mbali, tuwapelekee. Tuwapelekee na nini? Mwishowe binti yangu aliandikia wafadhili wenyewe, akawaeleza ya betri na ya kijana wa Rongai. Barua ya adabu kabisa, alinisomea mara mbili. Nafikiri hapo ndipo kampuni iligundua Kajiado si mbali.

Siku hizo za kungoja, shemeji alikuwa anampeleka shule kwa mkokoteni wa punda, ule wa mitungi ya maji. Tulitandika gunia na blanketi. Shuleni wanambeba wanamweka kwenye kiti cha mbao cha mwalimu, anakaa hapo mpaka jioni. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Mum, mhadhiri akija hiyo siku nimepumzika je?" Alijua mwenyewe kwamba mtu asiyesikia matako hawezi kukalia mbao siku nzima. Alijua kuliko mimi. Jioni nikitaka kumgeuza nimwangalie anasema yuko sawa, nimwache alale.

Kampuni ilikuja na gari, fundi wa viatu vya ncha na madam wa ofisi. Madam alikuwa anakanyaga boma kama linamuuma. Fundi akafungua kisanduku cha kijiti kwa bisibisi, akachungulia, akanusa. Akanusa tena. Akaanza kucheka.

"Madam, kuja uone. Ni maziwa."

"Maziwa gani?"

"Maziwa! Imegandia kwa plagi. Hawa watu walikuwa wanakamulia ng'ombe hapa."

Nilimwambia ilikuwa baraka, matone, na kwamba betri ilikuwa mbovu tangu siku ya utepe mwekundu, na yeye anajua kwa sababu ni yeye amekuwa akizungusha hizo betri.

"Mathe, mimi naona maziwa," akasema. "Betri haina mdomo ya kunywa maziwa. Waranti imeisha hapo."

Alikuwa ameonyesha kitu cheupe kidogo, si zaidi ya ukucha. Madam akapiga picha. Fundi akamgeukia yule mzee mwanamke aliyekuwa amesimama kwa mlango, akamwambia kwa sauti kubwa vile watu wanaongea na asiyesikia lugha, "Kokoo! Hii si ndama! Hii hainywi maziwa!" Vijana wawili waliokuwa wamekuja kuangalia gari wakacheka. Na kicheko cha namna hiyo huwa kinatembea. Jumapili nilikisikia mbele ya kanisa.

Mama mkwe hakuelewa maneno, lakini alielewa kidole. Walipoondoka akamuuliza mwanawe wamesema nini. Shemeji yangu alikuwa na hasira, na hasira ilienda mahali rahisi.

"Wamesema ni wewe. Wamesema maziwa yako yameua kiti."

Nilimwambia, "Shemeji, hiyo si kweli, na unajua."

"Najua nini? Mimi ni fundi?"

Yule mama akakaa chini. Alichukua kibuyu akakiangalia mdomoni, kama mtu anayetafuta ufa.

Mhadhiri hakuwa amerudi bado binti yangu alipoanza kutetemeka darasani, katikati ya somo. Walimlaza juu ya meza ya maabara. Mwalimu mmoja mwanamke akamgeuza, halafu akaniita pembeni. Kidonda cha zile mbao kilikuwa kimeshafika mahali sitaki kuandika. Ile harufu niliyokuwa nadhani ni ya gunia la mkokoteni haikuwa ya gunia.

Hospitali ya Kajiado alilazwa akilalia tumbo. Mhadhiri alikuja shuleni akiwa huko wodini. Hakumkuta, akaandika hakumkuta.

Afisa wa chuo alinipigia simu mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho. Akasema pole. Akasema muhula ujao wanaweza kumpangia shule tena, mara moja tu, lakini chuo hakiwezi kumtuma mwanafunzi uwanjani bila kifaa kinachofanya kazi, kwa usalama wake mwenyewe. Nikamuuliza, na huo usalama ulikuwa wapi miaka mitatu? Akasema laini inakatika.

Ndipo mkurugenzi alikuja. Sikuwa nimewahi kumwona. Mtu wa heshima, koti zuri, na alikuwa na akili kuliko wafanyakazi wake: hakuja hospitali kwangu, alienda moja kwa moja bomani, na sukari, na majani ya chai, na shuka mpya nyekundu. Shemeji yangu akanipigia nikaja nikiwa na nguo za wodi. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda, anakunywa chai ya yule mama, chai nyeupe kabisa, anasifu maziwa.

Akasema hivi. Mfadhili anaweza kununua kiti kingine kipya, sasa hivi, cha vipimo kamili. Lakini mfadhili hawezi kununua kingine kama kile cha kwanza kilikuwa kibovu, maana hiyo ni maneno ya kampuni, itachunguzwa, itachukua mwaka, pengine miaka. Ila kama kiti kiliharibiwa na mwenye kutumia, kwa bahati mbaya, bila nia, hiyo ni njia nyingine, hiyo ni haraka. Inahitaji tu karatasi. Familia iseme ni maziwa.

"Nani atauza hicho kiti kipya?" nikamuuliza.

"Sisi ndio tuna mkataba, mama."

"Kwa hivyo mmeuza kibovu, mtauza kingine, na sisi tuombe msamaha."

"Mimi sijasema msamaha. Nimesema karatasi." Akaweka kikombe chini. "Mama, mimi pia ni mzazi. Wewe unataka kushinda, ama unataka mtoto amalize?"

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kwa boma la watu. Nikamwambia akunje karatasi yake aende, nitaandikia wafadhili mpaka kalamu iishe, na kijana wa Rongai ataandika, na wengine. Mkurugenzi hakukasirika. Alingoja nimalize vile mtu anangoja treni ipite.

Mama mkwe alikuwa anamvuta shemeji nguo. Anataka kujua. Akatafsiriwa, kirefu, na mimi nikawa nashika neno hapa na pale. Alipomaliza kusikia aliuliza kitu kimoja. Shemeji akakileta kwa Kiswahili, akimwangalia mkurugenzi.

"Anauliza, huyu mtoto akipata kiti atamaliza?"

"Atamaliza, kokoo. Kabisa."

Akanyoosha mkono. Mimi nikamshika, nikamwambia "Yeyo, mama, hapana, si wewe," kwa Kiswahili, kwa Kimaasai changu cha maziwa, hata kwa lugha ya kwetu ambayo hajui. Akanitoa mkono polepole, kidole kimoja kimoja. Aliniambia kitu kwa sauti ndogo, na shemeji alichelewa kukitafsiri.

"Anasema alishazika mwanawe, akasubiri watu wafanye haki, haikuja."

Mkurugenzi alikuwa na wino. Alikuwa amekuja na wino. Akamshika kidole gumba mwenyewe, akakikandamiza, akampa kitambaa cha karatasi ajifute. Halafu akaomba picha.

Kiti kilikuja. Safari hii walimpima, na futi, na kinamtosha. Betri inakaa mpaka jioni. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inaniuma kuliko ingekuwa mbovu: kumbe walikuwa wanaweza. Kijana wa Rongai aliacha chuo. Fundi bado ni fundi. Nasikia siku za kukabidhi vifaa huwa anawaambia wanafunzi wapya hadithi ya nyanya wa Kajiado aliyekamulia kiti, watu wanacheka, halafu anawaonyesha chaja.

Kidonda kilifunga, kikaacha shimo. Muhula uliofuata binti yangu alirudishwa shule ile ile. Asubuhi ya kwanza alikiendesha kiti mpaka mbele ya nyumba ya nyanya yake, akangoja. Akamwita. Yule mama alikuja akasimama ndani ya mlango, mikono imeingia kwenye shuka.

"Kokoo, niombee niende."

Akatikisa kichwa. Akasema maneno machache na kurudi kivulini. Binti yangu anajua Kimaasai kuliko mimi, nikamuuliza amesema nini.

"Amesema alishakubali mbele ya watu kwamba mkono wake unaharibu. Ati mtu hawezi kukubali halafu aendelee kutumia mkono huo huo."

Nimemweleza. Nimemletea mtu wa kumweleza kwa Kimaasai safi, kuhusu betri, kuhusu mkwaruzo, kuhusu Rongai. Anasikiliza mpaka mwisho, anasema "Ashe," asante, kama mtu aliyeletewa habari ya ng'ombe wa jirani. Maziwa anakamua, chai anapika, lakini kikombe cha mjukuu wake anakiweka mbali, juu ya jiwe, angoje nikichukue mimi.

Mhadhiri alikuja, akamkuta. Akaja tena, akamkuta. Atakuwa mwalimu.

Jioni kiti kikiingia bomani kinasikika kwenye kokoto kabla hujakiona. Mama mkwe huwa anaacha kazi yoyote aliyokuwa nayo. Hakaribii. Anasimama ng'ambo ya zizi, anauliza kwa hayo maneno machache ya Kiswahili aliyojifunza uzeeni, hayo hayo kila siku:

"Imezima?"

"Haijazima, kokoo."

Anangoja bado, mpaka amwone akiingia nyumbani. Halafu anarudi kwa ndama.